Maziwa ya Mtaa wa Chini: Kumbukumbu ya Fanuza apa wa Kaenly

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni na apunguze moto chini ya birika, aje akae. Leo ni arobaini ya Fanuza apa. Fanuza Gaynullina, wa kijiji cha Kaenly, Mtaa wa Chini, nyumba ya mwisho kabla ya seng'enge ya mto. Kama umewahi kununua mkate Kaenly, unamjua. Ndiye aliyekuwa dukani miaka yote ile, na ndiye aliyekuambia mkate wa jana ni wa jana kabla hujauliza. Wadogo walimwita apa, kwa kuwa alikuwa dada yao mkubwa. Wakubwa nao walimwita apa, kwa kuuogopa ulimi wake.

Hapa redioni tunamjua kwa simu zake. Tukisoma hali ya hewa ya mjini tukaisahau ya vijijini, simu inalia. Tukipiga kinanda cha huzuni mara mbili mfululizo, simu inalia: "Nyinyi, mmefiwa?" Leo tumefiwa, apa. Na kinanda hatupigi.

Nisiwadanganye, wasikilizaji wapendwa. Nimekuwa nikiandaa vipindi hivi vya kumbukumbu kwa muda mrefu, na kwa kawaida mwishoni huwa kuna kitu cha kumpa msikilizaji aende nacho. Mti aliopanda marehemu, au msikiti aliousimamia ukajengwa. Leo nimetafuta kitu hicho sikukiona. Nitawasimulia alivyoishi, mtajua wenyewe cha kufanya nacho.

Fanuza alizaliwa pale pale, kando ya mto, miaka ambayo kiwanda cha nyuklia kilichoko upande wa juu wa mto, ndani ya mji uliozungushiwa ukuta, kilikuwa kikimwaga uchafu wake majini. Hakuna aliyeambiwa. Fanuza alijifunza kuogelea humo. Mama yake alifua humo. Bata bukini wa Kaenly, wale wanene mnaowajua, walikulia humo. Baadaye wakaja askari, wakaweka seng'enge na vibao, hawakusema kwa nini. Vijiji vya juu vikahamishwa, kimoja baada ya kingine. Kaenly ikabaki. Narudia, maana watu wa mjini huwa wanadhani tulikataa kuhama: Kaenly haikuulizwa. Iliachwa.

Akaolewa na Tagir. Tagir aliajiriwa kulinda mto. Kazi yake ilikuwa kupita na farasi kando ya seng'enge tangu asubuhi hadi jioni, akiwafukuza watoto na ng'ombe. Yaani alilipwa akae mtoni mchana kutwa ili wengine wasikae mtoni. Jua likiwa kali alimnywesha farasi, na yeye akanawa uso. Mifupa ilianza kumuuma kabla hajawa na mvi hata moja. Alipofariki, Fanuza aliwaambia waliokuja kumpa pole, "Mlinzi wa mto kaliwa na mto." Kisha akarudi dukani, kwa sababu mkate ulikuwa umefika.

Mwanawe wa kwanza, Ilgiz, alichukuliwa na ugonjwa wa damu. Alikuwa kijana wa kucheza ngoma harusini. Wa pili ni Ildar, dereva wa trekta, tuko naye hadi leo. Mwenyezi Mungu amweke.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nije kwenye jambo lenyewe.

Kila majira ya kuchipua, barafu ikishayeyuka, gari jeupe la taasisi ya afya lilikuja Kaenly. Madaktari waliwatoa watu damu. Walikusanya meno ya watoto yaliyong'oka. Waliwalaza watu kwenye mashine ya kuhesabu mionzi iliyomo mwilini. Halafu walishukuru, wakawapa watoto peremende, wakaondoka na majibu. Walituangalia kama ng'ombe wa mnada, ila ng'ombe wa mnada walau husikia bei yake ikitajwa.

Mwaka aliokufa Ilgiz, Fanuza alisimama mbele ya gari hilo akauliza, "Majibu yetu yako wapi?"

Daktari mmoja akamjibu kwa upole kwamba ni mambo ya kitaalamu, hawataelewa vizuri.

"Basi niambie vibaya, nitaelewa vibaya," akasema Fanuza. "Lakini niambie."

Hakuambiwa. Ndipo alipoanza. Na alichotaka hakikuwa kikubwa, tena alikitaja kwa maneno yale yale kila mwaka, mpaka watu wa wilayani wakayajua kwa moyo: "Msitupime sisi. Pimeni pamoja na sisi." Alitaka wanakijiji wachague cha kupimwa, walete wenyewe, na majibu yasomwe mbele yao kwa sauti. Alikwenda wilayani, alikwenda mkoani. Alipigiwa simu usiku na watu wasiojitaja, akawauliza kama wanataka mkate.

Ildar anakumbuka: "Mama alikuwa akirudi kutoka mkoani anavua viatu vya theluji, anasubiri chai iive. Halafu anasema, leo wamenipa kiti. Mwaka jana hawakunipa hata kiti."

Ilichukua miaka. Lakini ikafika siku akapewa zaidi ya kiti. Taasisi ile ilipata daktari mpya, Vera Pavlovna, mwanamke mpole, mwenye miwani inayomshuka puani. Huyu alimsikiliza. Ikatangazwa tathmini mpya ya hatari ya mionzi, na safari hii wanakijiji watashirikishwa. Udongo wa Mtaa wa Chini ulikuwa umeshajulikana kuwa mchafu. Lakini wakubwa walikuwa na jibu lao: watu hawali udongo. Swali lilikuwa, je, sumu ile inaingia kwenye chakula? Ikionekana kwenye chakula kupita kiwango, Mtaa wa Chini wote utahamishiwa kwenye nyumba mpya, mbali, upande wa msitu, ambako maji ni ya kisima kirefu. Isipoonekana, faili linafungwa.

Hapo ndipo pa kushika. Nyumba mpya, au faili kufungwa. Na mwezi ule ule mke wa Ildar alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Alsu. Fanuza alimbeba Alsu kwenye mkutano katika klabu, ukumbi wa kijiji, akawaambia watu, "Mimi nimeshaliwa. Huyu bado. Tumtoe huyu."

Wanakijiji walichagua maziwa. Walichagua vizuri. Ng'ombe wa Mtaa wa Chini wanapita kwenye seng'enge kama haipo, wanakula majani ya bondeni, wanakunywa mtoni. Na Kaenly nani asiyekunywa maziwa? Mtoto akiachishwa titi anapewa chai ya maziwa, mzee akikata roho analowanishwa midomo kwa chai ya maziwa. Kama sumu ipo mahali, ipo humo. Fanuza akachaguliwa kusimamia. Akapita nyumba hadi nyumba akigawa chupa za taasisi, kila chupa na namba ya nyumba, akisema, "Alhamisi asubuhi. Leteni mnachokunywa."

Alhamisi ikafika. Wanawake wa Mtaa wa Chini walikuja klabuni wamevaa vitambaa vya kichwa vya sikukuu. Chupa zimefutwa zinang'aa. Mmoja alikuja na pai ya viazi na nyama kwa ajili ya daktari, mwingine na siagi. Vera Pavlovna alikaa mezani akipokea, miwani inashuka, anaipandisha. Fanuza alisimama mlangoni. Mavlida, wifi yake, dada wa marehemu Tagir anayeishi naye ua mmoja, anasema hajawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake. "Siku ya harusi alikuwa analalamikia viatu," anasema Mavlida. "Siku ile hakulalamika."

Kuna kitu kimoja kilitokea asubuhi ile, na hakuna aliyekitilia maanani. Mtaa wa Juu, kule kilimani, ambako ng'ombe wanakunywa kisimani na kula majani ya msituni, watu wengi walikunywa chai ya rangi. Maziwa yalikuwa yamekwisha mapema. Mtu alimwambia jirani, jirani akacheka, yakaisha.

Majibu yalisomwa vuli, klabuni, kwa sauti, mbele ya watu wote, kama Fanuza alivyotaka. Vera Pavlovna alisoma nyumba kwa nyumba. Safi. Safi. Safi. Alikuwa anasoma huku uso wake umeingia wasiwasi, maana hata yeye hakuwa ametarajia. Watu wa nyuma wakaanza kusema alhamdulillahi. Mzee mmoja akapiga makofi.

"Haiwezekani," akasema Fanuza.

"Fanuza Galievna," akasema daktari, akitaja na jina la baba yake kwa heshima, "maziwa ni yenu. Mmeyaleta wenyewe."

Hakubishana zaidi. Alitoka nje. Mavlida akamfuata mpaka nyumbani, na haya niliyosimuliwa na Mavlida mwenyewe nayarudisha kama alivyoyasema, naye amekubali myasikie.

Fanuza alikaa kwenye benchi la jikoni bila kuvua koti. Akauliza, "Mavlida, siku ile mimi nilipotangulia klabuni, ulinikamulia ng'ombe yupi?"

"Wa Sariya."

"Sariya yupi?"

"Sariya binti yangu, wa Mtaa wa Juu. Kwani unamjua Sariya mwingine?"

"Na chupa yangu?"

"Na yako pia. Ulitaka nikuaibishe? Ng'ombe wako katoka kula magugu ya mtoni, maziwa yake yananuka tope. Daktari wa watu katoka mbali, tumpe takataka aonje?"

"Haonji, Mavlida. Anapima."

"Kupima ndiko kuangalia kama ni mazuri, si ndiyo? Basi nikampa mazuri."

Mavlida anasema alitegemea kutukanwa. Fanuza hakumtukana. Alivaa kitambaa chake vizuri, akatoka, akagonga nyumba ya jirani. Akauliza swali lile lile. Akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Huyu alikuwa amechukua kwa shangazi yake. Yule alikuwa amebadilishana kwa mayai. Mwingine hakuwa na ndugu kilimani, kwa hiyo ng'ombe wake alimfungia bandani majuma mawili, akamlisha majani ya kununua, akamsafisha kiwele kwa maji ya moto. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Hawakula njama. Kila mwanamke alikuwa peke yake jikoni kwake, na kila mmoja aliwaza jambo moja: mgeni hapewi kibaya.

Wasikilizaji wapendwa, sisi ndivyo tulivyolelewa. Nyumba isiyo na kitu humkopea mgeni asali kwa jirani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Mwenyeji akampa kilicho bora, akabaki na ugonjwa wake. Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilikasirika, sikujua nimkasirikie nani. Mpaka leo sijui.

Majira ya baridi yale, Fanuza aliwachukua Mavlida na wanawake wengine, wakaenda mkoani, kwenye ofisi iliyoagiza tathmini ile. Walibeba maziwa halisi ya mtoni. Walikiri. Mavlida alikiri huku analia. Mkubwa wa ofisi, jina lake silitaji, aliwapa viti wote. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mlitaka kushirikishwa, mkashirikishwa. Kama mara ya kwanza mlileta ya uongo, kwa nini niamini ya pili?"

"Basi njoo ukamue wewe," akasema Fanuza.

Mkubwa yule alitabasamu. Akasema faili limefungwa kwa ushiriki kamili wa wananchi, na kwamba ushiriki huo ndio unaolipa nguvu, si kama zamani. Maziwa waliyobeba yaliachwa mapokezini. Walipotoka, mlinzi alikuwa ameyatoa nje kwenye theluji.

Vera Pavlovna alipigania vipimo virudiwe, akahamishiwa idara nyingine. Lakini hakuacha kuja Kaenly, siku zake za mapumziko, kwa basi. Fanuza alipoanza kuumwa mifupa, mifupa ile ile ya Tagir, daktari alikuja na dawa za maumivu. Walikuwa marafiki kwa namna yao. Fanuza alimwita "binti wa miwani."

Siku moja Fanuza akamuuliza, "Sumu hii inakaa wapi mwilini?"

"Kwenye mifupa," akajibu daktari. "Inaingia humo inajifanya chokaa ile inayojenga mfupa, na haitoki."

"Mtu akifa?"

"Inabaki humo."

"Mfupa wangu ukipimwa, watasema nini?"

Vera Pavlovna alipandisha miwani. Akasema mfupa hauna mjadala. Mwanamke ambaye hajawahi kuishi kokote ila Mtaa wa Chini, aliyekula na kunywa vya Mtaa wa Chini, mfupa wake ukipimwa, faili itabidi lifunguliwe. Lakini lazima iwe baada ya kufariki, kabla ya mazishi, na familia iridhie.

Fanuza akamwita Ildar. Akamwita Mavlida. Akawaambia mbele ya daktari, akiwa na akili zake timamu: "Nikifa, daktari achukue kipande cha mfupa. Ubavu mmoja, sina kazi nao. Hiki hamtakibadilisha na cha Sariya." Akacheka kidogo, Mavlida naye akacheka, wakashikana mikono. Ildar akaitikia kwa kichwa. Mama anapokufa humkatalii kitu. Unaitikia.

Alifariki asubuhi, theluji ikidondoka. Ildar mwenyewe ndiye aliyempigia daktari simu, naye akakodi gari akafika akiwa na kisanduku chake. Alikuta ua umejaa. Kwetu maiti hailazwi, huzikwa siku ile ile. Ndani, wanawake walikuwa wameshamwosha. Mavlida ndiye aliyemwosha kichwa. "Alikuwa mwepesi," anasema. "Nilimwosha kama mtoto. Nikaona ubavu wake, unahesabika. Nikafikiri, hapa ndipo watakapokata. Nikaufunika na sanda upesi."

Vera Pavlovna hakuachwa amesimama uani. Hilo hatulifanyi. Aliingizwa ndani, akakalishwa mbele, mahali pa mgeni wa heshima. Akaletewa chai. Akaletewa nyama ya bata, kipande cha kifuani. Alimtafuta Ildar kwa macho, akamwita, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba muda ni mchache.

"Kula kwanza, daktari," akasema Ildar.

Akala. Alipoinua kichwa, wanaume walikuwa wameshabeba jeneza, wanatoka getini. Alisimama na kisanduku mkononi, na hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemtazama. Fanuza apa alizikwa kabla ya adhuhuri, mzima, amekamilika, kama mama anavyostahili. Wanawake walimfungia daktari pai ya kwenda nayo.

Faili halijafunguliwa. Kwenye karatasi, maziwa ya Mtaa wa Chini ni safi, na yamethibitishwa na wenyewe. Seng'enge ina matundu yale yale. Alsu sasa anakimbia, na anapenda bata.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Ildar na mkewe, kwa Mavlida, kwa Sariya, kwa majirani wote wa Kaenly, Mtaa wa Chini na Mtaa wa Juu. Natoa pole pia kwa Vera Pavlovna, ambaye najua anatusikiliza. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Amrehemu Fanuza, ampe makazi mazuri kuliko aliyoyaacha.

Huwa nawaomba mtafakari jambo mwishoni. Juzi nilikwenda kwa Ildar kuandaa kipindi hiki. Alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Nilimuuliza kwa nini alimnyima mama yake kitu kimoja alichoomba. Alikaza nati moja kwanza. Kisha akasema kutoka kule chini, "Angekuwa mama yako, amelala kwenye sanda, watu wamejaa uani. Wewe ungemtoa akatwe?"

 Nilikaa pale nikimpa spana moja moja, kila aliyoitaja, mpaka giza likaingia. Nanyi jiulizeni, mkiwa na watoto wenu mezani.